Sanduku la Fundi Mihambo

Tanga lilipoanuliwa, walibaki watano uani
wakisubiri nifungue sanduku.
Ng'ambo yote ya Tabora ilikwisha kuapa:
mle mna joka litapikalo noti,
mle mna jina la mtoto aliyetolewa kafara,
maana fundi gani wa matofali, jamani,
husomesha wanne kwa mwiko mmoja?

Nikavunja kufuli.
Ikanuka kutu, na chokaa ya zamani.

Timazi, kipande cha risasi kwenye uzi uliooza.
Pimamaji isiyo na maji.
Guniya. Bikari yenye mguu mmoja mfupi.
Mwiko ulioliwa na saruji hadi ukawa jani la mwarobaini.
Na chini kabisa, limekunjwa mara nne,
vazi dogo la kiunoni, ngozi nyeupe ya kondoo,
halijui tope.

Mama Nsimba akarudi nyuma hatua mbili.
"Si nilisema?"

Alisema. Ila hakusikia alichonisimulia mzee
usiku mmoja wa mvua, umeme umekatika,
anakoroga uji wake mwenyewe:

Waliniita nitandike sakafu ya nyumba yao kule stesheni,
kigae cheusi, kigae cheupe, cheusi, cheupe.
Nikauliza, kwani rangi moja haitoshi?
Karani wao akacheka:
"Mihambo, siku zako wewe zote ni za rangi moja?"

Masika dari likavuja.
Nikawa juu, kati ya mabati na mbao,
nao wakaingia bila kujua.
Penye ufa nikamwona mhasibu wa reli,
yule aliyenikata senti kumi kwa dakika tano,
kafungwa macho kwa kitambaa,
suruali imepandishwa mguu mmoja,
mguu mwingine pekupeku,
kamba shingoni kama mbuzi wa mnadani.
Wakamuuliza, unataka nini?
Akajibu kwa sauti ya mtoto:
Mwanga.

Nilitaka kucheka, mwanangu. Nikauma mkono.
Kisha nikamkumbuka shangazi Nyamizi,
siku Waswezi walipomchukua
akapakwa udongo mweupe, akafa kidogo,
akarudi nyumbani na jina jingine.
Nikasema, kumbe.
Kumbe hata hawa wana pori lao.

Mengine nilisomea humo humo darini.
Timazi, walisema, ni mtu kusimama wima
hata gizani, hata asipotazamwa.
Hilo nililijua. Walilosahau ni kwamba
timazi husema kweli kwa sababu imekubali kuning'inia.
Pimamaji, walisema, ni usawa wa watu wote.
Nikatazama chini, nikahesabu vichwa:
katika usawa ule mweusi hakuwamo,
ila mimi, juu, na popo.
Guniya ni haki.
Na mlango wao ulikuwa umepinda nusu inchi.
Niliunyoosha. Sikudai malipo.

Mwaka wa Uhuru mhasibu akafunga mizigo.
Akanifuata hadi kwenye tanuri la matofali,
akanipa hilo vazi mbele ya vibarua.
"Nilijua ulikuwa juu," akasema.
"Vumbi lilinidondokea shingoni.
Nikanyamaza. Nilihitaji shahidi
asiyekuwa mmoja wetu."

Sikulivaa. Ni safi mno kwa kazi.

Hapo alikunywa uji, akalala.

Basi nililikunja tena vile vile, mara nne.
Nikaikata kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga timazi,
nikatoka. Wale watano wakanifuata,
kwa woga, au kwa umbeya, sijui,
hadi makaburini.

Vijana walimjengea kwa haraka,
jua kali, na soda hazikutosha.
Ukuta wa kichwani umelala upande wa kusini.
Nikabomoa tofali nne kwa kisigino cha mwiko.
Nikageuka:
"Mama Nsimba, shika uzi."

Akaangalia mkono wake, kisha risasi, kisha mimi.
Akashika.

"Mkono unatetemeka," nikamwambia.
"Subiri. Itatulia yenyewe."

Ilichukua muda.