Cha Mvunguni

Nimepiga magoti chini ya mialoni ya Hrabovec,
theluji ya mwisho ikinichuruzika shingoni,
mkononi kijiko cha supu nilichokiiba jikoni kwa mama.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi nimeinama miaka kumi na mitatu;
goti la kushoto limekwisha.

Udongo naupeleka ghalani, naulaza kwenye faneli,
juu yake balbu, chini yake chupa ya spiriti.
Joto likishuka, utitiri nao hushuka,
wanalikimbia jua la uongo
wakidhani gizani ndiko kwenye salama.
Asubuhi nawahesabu. Sijazoea.

Kipande cha kwanza kina miaka tisa tangu kikatwe.
Humo wamejaa wepesi, weupe, wa ngozi laini,
wanaozaana kabla wino wa tarehe haujakauka:
wapangaji wa msimu,
mizigo yao haijafunguliwa.

Cha miaka arobaini ni giza tupu.
Miti imebanana, majani tabaka juu ya tabaka,
na daftari langu linarudia majina yale yale.

Kisha kule juu, nyuma ya kanisa lisilo na paa,
mialoni ya miaka mia na themanini.
Kijiko kinazama kwenye mboji
bila kugota jiwe.
Hapa wanakaa wazito, magamba rangi ya kahawa iliyokaangwa.
Huyu, ukimgusa, hujifunga kama sanduku.
Yule amebeba mgongoni ngozi zake zote za utotoni.
Wengine ni majike waliozaliwa na majike,
vizazi na vizazi, dume hajulikani,
mayai machache, maisha marefu.
Hawana mbawa.
Unyayo wangu mmoja kwao ni safari.

Kile kipande cha kwanza alikikata baba.
Juzi Vendelín alikuja ghalani, akavua kofia,
akaweka jicho kwenye hadubini,
vidole bado vikitetemeka kwa msumeno alioustaafu.
Alitazama mpaka chai yake ikapoa.
“Hawa wazito,” akasema, “kule kwangu watarudi lini?”

Nikamwambia miche imeshanipita kimo.

“Sikuuliza miti.”

Nikazima balbu. Sikuwa na tarehe ya kumpa.

Leo kijiko hakipo kwenye msumari wake,
na kutoka kanisani hadi kwenye kile kipande
kuna nyayo za buti kwenye tope,
za kwenda zimezama zaidi
kuliko za kurudi.