Theluji Iliyopanda Juu

Mimi nilikuwa mbandika lebo,
msiniulize habari za hesabu zao.
Gundi, mkasi, kaseti mia mbili na kumi na mbili,
jikoni kwa dada yangu Piroska, ghorofa ya nne,
mtaa wa wafua chuma, mjini Miskolc,
kipupwe cha themanini na sita.

Kompyuta ilivuka mpaka kutoka Vienna
chini ya magauni ya shangazi aliyekufa.
Mlinzi hakutaka kugusa nguo za maiti.
Shemeji Gáspár alipiga mluzi hadi nyumbani.

Kilobaiti arobaini na nane:
picha ya paka iliyomo kwenye simu yako
haienei humo, hata mkia.
Humo wao waliingiza mtaa mzima,
taa saba, mbwa, muuza maziwa mwenye haraka,
na Ubul mwenye beleshi,
azoaye theluji kabla mtu hajateleza.
Ndio mchezo wote huo.
Hakuna bunduki, hakuna binti wa mfalme.

Mchana Piroska aliandika mahesabu ya kiwanda cha mikate,
usiku akichambua tarakimu kama dengu,
mbovu huku, nzima huku.
Rekoda mbili mezani: moja yasema, moja yasikiliza,
kriiii, nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo.
Jirani aligonga ukuta. Mimi nikazoea kulala nayo.

Palikuwa na hitilafu.
Kona ya kulia, karibu na duka la viatu,
Ubul akisimama, ukahesabu hadi tisa,
theluji huacha kuanguka.
Hupanda.
Chembe kwa chembe hurudi mbinguni
kama iliyosahau kitu.
Gáspár alihangaika nayo wiki tatu,
akiziba hapa, panavuja pale.
Piroska akasema: iache, na sisi tulale.

Tuliuza zote. Waliocheza ni wangapi, nani ajuaye?
Siku moja, ndani ya tramu, mvulana wa miaka kumi
alimuuzia Gáspár nakala ya wizi ya mchezo wake mwenyewe.
Akanunua.
“Lebo yake imenyooka kuliko zako,” akaniambia.

Kisha barua ya Munich, mkataba wa kurasa thelathini.
Walitaka Ubul awe roboti.
Walilipa nusu, wakafilisika;
nusu ya pili tunaingoja,
na kiwanda cha chuma nacho kikazima tanuri zake
tukiwa bado tunaingoja.

Gáspár akatengeneza televisheni za watu.
Usiku, michezo. Kumi na mmoja kwa jumla,
na tusidanganyane, ule wa samaki ulikuwa mbaya.
Kampuni haikuwahi kuwa na mlango wake,
ilikuwa na meza, na meza ilikuwa ya kulia chakula.

Alifia kazini, Februari, bisibisi mkononi.
Miongoni mwa barua za rambirambi,
moja ya muuguzi wa Debrecen tusiyemjua:
*Baba yangu alipoanza kufoka,
nilimpeleka Ubul kwenye kona
nikahesabu.*
Hakuandika zaidi.

Mwaka jana Piroska, sabini na mbili,
aliamua Ubul aingie kwenye simu.
Akamwajiri Bendegúz, kijana wa mikono miepesi,
ambaye siku ya pili alisema kwa fahari:
“Mama, kuna kosa kwenye kona. Nimelirekebisha.”
“Lirudishe.”

Ilimchukua siku nne.
Mashine za leo hazikosei namna ile;
ilibidi kosa liandikwe kwa makusudi,
mstari kwa mstari, lijaribiwe, likaguliwe,
hadi likakosea sawasawa.

Mimi sichezi, macho hayaniruhusu.
Lakini jana nilimpeleka Ubul dukani kwa viatu,
nikahesabu kwa sauti, polepole.
Kwenye nane muuza maziwa akapita mbio.
Hakuteleza.