Mtafsiri

Kihispania sikijui. Niliseme hilo mapema,
kabla Newala nzima haijadai kiingilio chake.
Mkwinda alinipa kipaza sauti kwa sababu mtafsiri wake
alikwenda Masasi kufuata mnada wa korosho,
na kwa sababu, alisema, Somoe, wewe una mdomo.

Basi nikakaa juu ya kreti ya soda,
mgongo kwenye mabati ya kibanda umiza.
Nje ukungu umefunga barabara,
ndani watu sitini, karanga, makoti ya mtumba.
Mkanda ukaanza: kijiji cheupe, kengele, punda,
na mzee mwenye sharubu kama ufagio wa chelewa
anampima binti yake sketi kwa rula.

Watu wakanigeukia. Anasemaje?

Midomo ya mzee inakwenda kama cherehani.
Kihispania sikijui, lakini midomo ile naijua.
Nikasema: "Nyumba hii ina kichwa kimoja,
na kichwa hicho hakivai kanga!"
Kibanda kikalipuka.

Binti akaja na pikipiki ndogo, rangi ya limau.
Mzee akaizunguka mara tatu, akaipiga teke, akaumia kidole.
Nikasema: "Mwanamke akipanda magurudumu mawili
kizazi kinatikisika! Waulizeni wazee!"
Akamkimbilia padri amshitakie.
Padri naye, kanzu kaipandisha magotini,
akatokea kwenye kona
juu ya pikipiki.

Mstari wa tatu, karibu na feni isiyozunguka,
mtu mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka.
Akampiga mwenzake begani:
"Wazungu nao! Kumbe wana watu wa kale hivi!"
Huyo ni Mzee Issa Mchopa.
Baba yangu.

Maneno yote yalikuwa yake. Sikutia hata chumvi.
Aliyasema mwaka juzi, msimu wa korosho, pale uani,
nilipopata nafasi ya chuo Kitangali
na baiskeli ya mjomba ya kunifikisha.
Usiku cheni ikatoweka.
"Mila," alisema asubuhi, akinawa grisi mikononi.
Mila!
Mama yake mzazi alikuwa na ndonya juu ya mdomo
na mikorosho arobaini kwa jina lake mwenyewe,
na mume akimkoholea vibaya
alimkunjia mkeka wake, akamwonyesha njia.

Nikazidi kutafsiri. Nilishalewa sauti yangu kwenye spika.
Mzee wa Hispania akajifungia stoo,
kiti cha pikipiki kakikumbatia kifuani,
analia au anazuia chafya, sikuelewa,
na hapo, kwa mara ya kwanza,
nikakosa neno la baba la kumpa.
Nikanyamaza. Sharubu zikatetemeka zenyewe.
Mstari wa tatu kicheko kikasimama njiani,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Ndipo umeme ukakatika.
Gesi inatoka mkoani kwetu; kiza nacho hakijahama.

Asubuhi mihogo, chai ya rangi.
Hakuniangalia mimi, aliangalia sufuria.
"Yule mzee… walimalizana vipi?"
"Sijui, baba. Mkanda haukuisha."
Akatafuna. Mama akajifanya anatafuta kijiko
alichokishika mkononi.
"Na hicho Kihispania, nani kakufundisha?"
"Mtu wa hapa hapa."

Kuku aliingia, akatutazama, akatoka.

"Cheni," akasema, kama anayeulizia bei ya chumvi,
"ikilala miaka miwili kwenye gunia,
inataka mafuta gani?"

"Ya cherehani," nikasema.