Njia ya Kurudi

Kabati ni moja. Feni ni moja, na inakoroma.
Ruta ni moja, mgongoni ina vumbi jekundu la Arua
ingawa niliifuta Ijumaa.
Lakini ndani yake mna majedwali mawili,
na majedwali hayo hayajuani:
moja la wodi, moja la benki ya damu,
kila moja linahesabu njia zake
kama mtu ahesabuye fedha akiwa amegeukia ukuta.

Ukuta wenyewe ni unene wa tofali.
Kutoka wodi ya wazazi hadi kwenye jokofu la damu
ni hatua thelathini na nne; nimezipima.
Kwa pakiti, ni ng'ambo isiyo na kivuko.
"Hakuna njia," hujibu ruta, bila hasira, bila pole.

Ndiyo maana Andama hukimbia.
Usiku, karatasi ndani ya shati,
kuuliza ziko chupa ngapi za O hasi,
kisha arudi wino umelowa,
tatu inafanana na nane.

Wiki jana ilisomwa nane.
Sitaki kuisimulia wiki jana.

Daktari Ezaruku akasema, "Candiru, fungua yote.
Changanya hayo majedwali, tumalize."
Nikamwambia: Daktari, baba yangu alikuwa na nyumba mbili,
na kila mama alimpa kifunguamimba wake jina la babu.
Ukiita "Onzima!" langoni, wanatoka wawili,
mmoja na jembe, mwingine na kitabu,
na wewe umesahau ulimtaka nani.
Humu nako ni vivyo hivyo:
kumi, sifuri, sifuri, tano
upande huu ni mashine ya eksirei,
upande ule ni jokofu linaloripoti baridi yake.
Kuombana chumvi si kuhamiana.

Basi nikatoa anwani moja tu, isiyo na pacha,
ya seva yenye orodha ya damu,
nikaiandika katika jedwali la wodi
kama unavyomwonyesha mgeni mlango wa sebule
na kufunga wa chumbani.
Saa tano usiku. Mvua juu ya mabati.
Nikatuma swali la majaribio.

Kimya.

Tena. Kimya.
Nikalaumu waya. Nikalaumu mvua, jenereta,
na aliyenifundisha kazi.
Halafu nikaingia upande wa damu, nikachungulia:
maswali yangu yalikuwa yamefika,
yote manne, mazima,
na seva ilikuwa imeyajibu yote manne,
na majibu yamekwama kizingitini
hayajui wodi iko wapi.

Nilikuwa nimechonga njia ya kwenda.
Ya kwenda tu.
Nikamkumbuka mama wa nyumba ya pili,
aliyetuletea enyasa kila sikukuu, ingali moto,
na sisi hatukuwahi kumrudishia hata sahani.

Mstari mmoja zaidi, upande wa pili:
wodi iko huku; ukijibu, pita hapa.
Hakuna taa iliyobadilika. Feni iliendelea kukoroma.
Lakini kwenye skrini: jibu. Jibu. Jibu.
Muuguzi Driciru akavaa miwani, akasoma kwa sauti,
"O hasi, tatu,"
na tatu ilikuwa tatu.

Andama alisimama mlangoni, shati kavu,
mikono haijui ikae wapi.
"Kwa hiyo mimi kazi imeniishia?"
Nilikuwa bado natafuta maneno.
Driciru akamtwika kisanduku cha barafu.
"Namba imepita ukutani," akasema. "Chupa haipiti."

Akatoka mbio. Nilimhesabia, mkono ukiwa bado kwenye kibodi:
thelathini na nne kwenda.
Kurudi, thelathini na moja.