Mstari wa Tisa

Daftari ni la kurasa thelathini na mbili,
jalada la buluu, nyuma yake jedwali la kuzidisha.
Limelala miaka ishirini na mitatu chini ya kilindo cha uwele,
pembe moja imeliwa na panya.
Mtendaji wa kijiji analigeuza, analisogeza mwangani,
ananirudishia: "Soma wewe. Mwandiko huu unanishinda."

Unamshinda kwa sababu ni wangu.
Nilikuwa darasa la tano, hapa hapa Mvumi,
Mama akipepeta, mimi nimekalia kinu kilicholazwa,
naye akisema, andika.
Niliandika "ulisi". Niliandika "ngombe", bila ritifaa,
na kidole gumba chake kikafuata, zambarau,
kikubwa kuliko maneno yote.

Baba alikuwa na wiki sita kaburini.
Ndugu zake walikuja na fimbo, wakahesabu zizi kwa sauti,
wakaondoka na kumi na mmoja, na baiskeli,
na koti ambalo kwapani lilikuwa bado na jasho lake.
Mama aliwapa maji ya njiani.
Usiku akaanza kunitajia wale ambao hawakuwaona.

"Andika. Ndama wa madoa yuko Handali, kwa Chilongani.
Huyo wa Lameki, akijifunza kuamka.
Andika. Mtamba mwekundu yuko Bahi, kwa mke wa Mbeleje.
Akizaa mara tatu, wa tatu ni wao, msidai.
Hapana, futa 'msidai'. Andika 'msithubutu'."

Kila likizo aliongeza mstari. Wino unabadilika:
buluu, mwekundu wa mwalimu, penseli, mweusi.
Mstari wa nane ni mizabibu:
isiuzwe, hata wapimaji wakija na vigingi vyao,
hata mji ukitufikia mlangoni na kupiga hodi.
Lameki anatazama simu. Dalali ameshapiga mara mbili.

Mstari wa tisa: Sechelela, nukta mbili.
Basi.

Nakumbuka. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi
akanishika mkono. "Mwandishi hajiandikii.
Wewe nitakuambia siku nyingine."
Siku nyingine ikawa mtihani, ikawa harusi yangu,
ikawa watoto wana surua, ikawa nauli imepanda,
ikawa kiharusi kilichomwacha na neno moja tu, "hee",
alilolitumia kwa uji, kwa Mungu, na kwangu.

Kalamu ninayo kwenye pochi. Nyeusi.
Herufi zangu hazijakua, S yangu bado inalala chali.
Safu tatu za mizabibu, ningeandika. Au sita.
Mtendaji anapiga miayo, nani angejua?

Nasoma: "Sechelela," nanyamaza
urefu wa sentensi moja ya kawaida.
Yona anakohoa. Nageuza ukurasa.

Mstari wa kumi: "Madebe mawili ya uwele, ya Nhonya,
ule mwaka wa njaa. Sijalipa."
Hapo kaka zangu wakaanza kutafuta viatu.

Jumamosi nilinunua uwele soko la Majengo,
nikabishana bei kama vile ninaununua kwa ajili yangu.
Bodaboda akaufunga kwa mpira, tukaja tukimwaga kidogo kidogo,
kuku wa vijiji vitatu wakatushukuru.

Nhonya haoni vizuri siku hizi.
Alizamisha mkono hadi kiwiko, akanusa.
"Wa dukani huu."
Kisha akalisukuma debe moja kwa mguu, likarudi kwangu.
"Moja alilipa. Mwaka ule mvua ilipozidi,
alilibeba usiku watu wasione. Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

Akavuta kigoda, akakifuta vumbi kwa kanga aliyoivaa.
"Hee," akasema.
"Basi kaa."