Safu ya Sababu

Daftari la wageni lina safu tano:
tarehe, jina, umri, mtaa, sababu.
Aliyelichapa alidhani sababu ni neno fupi,
akaipa upana wa kidole gumba.

Tuko ghorofa ya pili, Magomeni Mapipa,
juu ya duka la dawa. Wengi huanzia chini,
hununua panadoli mbili, wakazimeza kwa mate,
ndipo wakapanda ngazi.
Mimi ni karani. Nawapa kalamu iliyofungwa uzi.

"Usingizi," anaandika dereva wa lori la Tunduma.
Miaka minane barabara ya usiku; leo yuko kwake Tandika,
godoro jipya, neti, feni,
na kila akifumba macho breki zinagoma.

Mzee Mwaipopo, sitini na mbili, kaandika "mguu".
Nikamwambia, mguu ni hospitali, baba, hapa ni ushauri.
Akasema, najua.
Reli ya TAZARA ilimstaafisha Juni.
Bado anaamka saa kumi alfajiri, anapiga pasi sare,
anaitundika msumarini, anaitazama hadi kunakucha.
Mkewe akiuliza, wapi tena?
mguu ndipo unapouma.

Yuko mtoto. Simtaji jina.
Miaka tisa. Safu ya sababu kajaza shangazi yake:
"hasemi".
Mtoto akaichukua kalamu, akalikata neno,
pembeni akachora mlango,
akauchora vizuri, na mbao zake, na bawaba,
kitasa akakiacha.

Tumsifu wa Kimara kaandika "ada".
Ada aliibeti, timu tisa zikashinda, ya kumi ikatoa sare
dakika ya tisini na tatu.
Mama yake, huko Machame, anajua mwanawe
yuko mwaka wa tatu.

Kabula ana mtoto wa miezi mitatu mgongoni.
Akiambiwa hongera, anasema,
anageuka nyuma kuangalia nani kaambiwa.

Wapo wasioandika kitu. Huinama kwenye meza yangu,
sauti ya mtu anayeulizia deni:
"Dada, hapa si pa vichaa?"
Mwaka wa kwanza nilikuwa nawaeleza kwa kirefu.
Siku hizi nasema, karibu, keti, feni iko upande huu.

Bi Sikudhani alitoka Buguruni na bakora,
miaka sabini na nne, ngazi alizipanda kwa bismillahi.
Safu ya sababu akarudia jina lake: Sikudhani.
Nikadhani kakosea mstari.
"Hapana," akasema. "Nilizika mtoto mwaka wa mvua kubwa.
Wakaniambia nisilie sana, kulia sana kukufuru.
Nikasema haya.
Nikapika, nikalea, nikauguza, nikaozesha.
Sasa nyumba imetulia. Nimepata nafasi."

Mlango ulipofungwa niliongeza sauti ya redio,
kama tulivyoagizwa.
Hata hivyo nilisikia.

Nami nina mstari humu, ukurasa wa arobaini na moja.
Alhamisi, saa kumi na nusu, foleni ikiisha,
naifungua kalamu kwenye uzi wangu mwenyewe.
Nimeandika "kazi".
Si kazi. Ni dada yangu,
na simu iliyoita mara nne nikiwa nasonga ugali,
nikasema nitampigia.

Daftari lilijaa wiki iliyopita.
Nikaenda Kariakoo, nikanunua kaunta buku tupu,
nikapiga mistari kwa rula ya mwanangu:
umri kidogo, mtaa kidogo,
sababu nikaipa nusu nzima ya ukurasa.

Wa kwanza kulifungua, kijana wa gereji,
grisi kwenye kucha,
kaandika: "kichwa tu."
Nafasi yote iliyobaki akaiacha nyeupe.

Lakini kalamu alikaa nayo sana.
Ilibidi nimwombe.