Mpeta

Hoteli moja ya Shangani, pazia zimeshushwa,
chupa kumi na mbili zimevishwa soksi
kama majini wasiotaka kujulikana.
Upande wa Gaspari, mtu wa Hombolo, mvinyo.
Upande wangu zile za povu, zisizo kilevi.
Harusi ni Jumamosi: kwa bibi harusi hawanywi,
wageni wa bwana wanakunywa.
Meneja ametupa karatasi: rangi, harufu, ladha, maoni.
Alama ishirini.

Gaspari anazungusha bilauri, anavuta pumzi,
anasukutua, kisha anatema ndooni.
Mimi nameza.
Mwenye ruhusa anatema, aliyekatazwa anameza!
Nikacheka, povu likanipanda puani.

Ya kwanza tufaha, lakini tufaha la dawa ya kikohozi.
Ya pili sukari tupu, inakukumbatia
kama jirani anayetaka kukopa.
Ya tatu zabibu, nyuma ya zabibu ganda la chungwa bichi,
nyuma ya ganda, kimya.
Nikaipa kumi na sita. Kimya ni adimu kwenye soda.

"Na hizi zangu? Nusa tu," akasema Gaspari.
Sijui hukumu ya pua. Nikanusa.

Ya nne ikanirudisha Wete,
mwaka ule mvua ilipotukuta na karafuu mbichi,
gunia juu ya gunia, jua la kuanikia hakuna.
Usiku mama akatia mkono ndani ya gunia,
akautoa una moto.
"Nusa, Zuwena. Imeshakufa hii, na bado inapumua."
Siku ya tatu tukazimwaga jamvini:
nyeupe, nyepesi, hazina mafuta.
Mpeta.
Karani wa mizani hakuinua hata kalamu.

Nikaliandika neno hilo penye maoni.
"Ndiyo alama ngapi hizo?" akauliza meneja.
Gaspari akanusa tena, safari hii kafumba macho.
Akaivua soksi.
Ghali kuliko zote, na kizibo kimeoza kwa ndani.
Akaimimina ndooni, hakuionja.

Nikarudi na ile ya tatu, nusu chupa, ndani ya kanga.
Raya akanywa funda moja, akaliweka mdomoni,
akanitazama.
"Mama, hii imekufa."
Kumi na sita, nikamwambia.
"Nne," akasema,
akaenda kusukutua.